Ombre wa karata na ombre ya saluni: je, ni neno moja?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza ambaye pia anasuka nywele. Anaandika hivi: "Tunasoma shairi la Alexander Pope kuhusu binti aliyekatwa shungi la nywele. Ndani yake kuna neno 'ombre'. Mhadhiri anasema ni jina la mchezo wa karata, na tena ni jina la mchezaji mmoja katika mchezo huo. Lakini mimi saluni nasuka ombre kila wiki, zile rasta zinazoanza nyeusi juu na kumalizikia rangi nyepesi chini. Shairi ni la nywele na neno ni la nywele, kwa hiyo nadhani ni neno lilelile. Kama silo, kwa nini mcheza karata aitwe hivyo?"

Dada, haya ni maneno mawili. Yanafanana kwa herufi tu. Ombre ya saluni asili yake ni "kivuli". Ombre wa karata asili yake ni "mtu", au tuseme wazi, "mwanamume". Yamekutana ndani ya shairi la nywele kwa sadfa, maana siku za Pope hakuna Mwingereza aliyeita nywele kwa jina hilo. Ila swali lako lina thamani, kwa sababu ukishajua ombre wa karata ni nani, sehemu ya tatu ya shairi hilo itasomeka tofauti kabisa.

La saluni nitalimaliza upesi. Kilatini kilikuwa na "umbra", yaani kivuli. Kifaransa kikaligeuza kuwa "ombre", kisha kikapata kitenzi cha kutia kivuli katika mchoro au kitambaa. Kitu kilichotiwa rangi inayofifia kidogokidogo kikaitwa "ombré". Katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa la watia rangi vitambaa na riboni, na baadaye sana ndipo likahamia kwenye nywele. Ndugu zake wako wengi: Kitaliano kina "ombrello", kivuli kidogo cha kushika mkononi, na kutoka hapo Kiingereza kikapata "umbrella". Sisi wenyewe tumepita njia hiyohiyo bila kumwiga mtu, maana mwavuli na kivuli ni watoto wa mzizi mmoja.

Ombre wa karata ametoka Uhispania. Neno ni "hombre", mtu au mwanamume, na nyuma yake kuna Kilatini "hominem", umbo mojawapo la "homo". Wataalamu wa lugha wanaliunganisha "homo" na "humus", udongo, kama ambavyo sisi tunasema binadamu tukimkumbuka Adamu aliyeumbwa kwa udongo. Sasa utauliza, "hominem" iligeukaje "hombre"? Hiyo b imetoka wapi, na r je?

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Irabu ya katikati ilidondoka, zikabaki m na n zikigusana: "omne". Sauti hizo mbili zote ni za pua, na ulimi wa Wahispania ukaona tabu kuzitamka pamoja, n ikageuka r. Basi jaribu kutamka "omre" mara tano upesiupesi. Midomo imefungwa kwa ajili ya m, halafu inabidi ifunguke kwenda kwenye r, na katika kufunguka huko b inatoka yenyewe. Hakuna aliyekaa akaipanga. Na haikutokea kwa neno hili peke yake. "Nomine", jina, likawa "nombre". "Femina", mwanamke, likawa "hembra", jike. "Lumine", mwanga, likawa "lumbre", moto wa jikoni. Mabadiliko ya sauti yanayorudiwa kwa mpango namna hii ndiyo ushahidi anaoutegemea mtu wa etimolojia, elimu ya asili ya maneno. Kufanana kwa herufi peke yake hakutoshi.

Ile h ya mwanzo Wahispania huiandika bila kuitamka. Aliyesikia mezani alisikia "ombre". Wafaransa wakaandika walivyosikia, mara "ombre", mara "l'hombre" pamoja na kibainishi chao, na Wajerumani wakaukuta mchezo tayari umeshikamana na hiyo l wakauita "Lomber". Waingereza waliandika kwa namna kadhaa kabla ya kutulia kwenye "ombre", ambayo wao huitamka karibu na "omba". Mfaransa anayelitazama neno hilo leo anaona "kivuli". Ndiyo maana hata Ulaya wapo wanaofikiri kama ulivyofikiri wewe.

Tuje sasa kwenye kiini cha swali lako: kwa nini mchezaji aitwe "mtu"? Jibu limo ndani ya mchezo, kwa hiyo vumilia kidogo nikueleze unavyochezwa.

Wachezaji ni watatu. Waingereza wa karne ya 18 walichonga hata meza za pembe tatu kwa ajili yake. Karata ni 40: unachukua pakiti ya kawaida ya 52, unaondoa zote za 8, 9 na 10, ili ilingane na pakiti ya Kihispania ya karata 40. Kila mmoja anagawiwa 9, zinabaki 13 katikati za kulamba. Kisha kwa zamu kila mchezaji anatazama mkono wake na kuamua: atajitosa au atapita? Anayejitosa ndiye anayetaja turufu, anatupa karata asizozitaka, analamba nyingine, halafu anacheza peke yake dhidi ya wale wawili, ambao kwa raundi hiyo wanashirikiana kumwangusha. Huyo aliyejitosa ndiye "el hombre". Kwa kujitosa ni kama ametangaza kwamba mwanamume ni yeye, na wawili waliobaki waje. Mchezo mzima ukaitwa mchezo wa huyo "hombre".

Kwa hiyo "ombre" ni cheo cha raundi moja, na kinahama. Raundi hii ni wewe, raundi ijayo ni mwingine, na wote wakipita hakuna ombre. Kamusi nyingi huandika "mchezo wa karata wa watu watatu" halafu mchezaji wanamsogeza kwenye maana ya pili, kama vile amepewa jina kutokana na mchezo. Kihistoria ni kinyume chake. Mtu alitangulia, mchezo ukapewa jina lake.

Wacheza karata wa kwetu hawatashangaa. Vijiweni karata ya nguvu huitwa dume, na anayeiokota amelamba dume, kama ambavyo anayeokota karata isiyo na faida amelamba garasa. Kauli hizo zimetoka kwenye mkeka wa karata zikaingia kwenye usajili wa wachezaji wa mpira na kwenye ndoa za watu. Lugha mbili zisizo na undugu zimeona mchezo uleule kwa jicho moja: nguvu ya mezani inapewa jina la kiume.

Huenda utaniambia bado nimetoa hadithi tu, na hadithi ya kivuli nayo ingeweza kutungwa vizuri: mchezaji anayejificha, nia iliyo gizani. Kweli ingependeza. Ila neno la mchezo huwa halisafiri peke yake. Husafiri na wenzake, kwa hiyo tazama waliokuja nalo. Katika ombre ree ya shupaza (ree ni ile ya nukta moja, inayoandikwa A) ni karata kubwa kuliko zote daima, hata turufu ikiwa nyingine, na Waingereza waliiita "Spadille". Hiyo ni "espadilla" ya Kihispania, upanga mdogo. Ya tatu kwa ukubwa ni ree ya pau, na jina lake "Basto", yaani fimbo au rungu, Kihispania tena. Tatu za juu huitwa "matador", muuaji, neno lilelile la yule anayemuua fahali uwanjani. Ombre akizidiwa na mmoja wa wapinzani wake, kushindwa huko kunaitwa "codille", kutoka "codillo", kiwiko cha mguu wa mbele wa mnyama.

Ya pili kwa ukubwa nimeiacha makusudi, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa "Manille", na Wahispania waliiita "malilla", kibaya kidogo, kutoka "mala", mbaya. Ni mbaya kweli: turufu ikiwa nyeusi, Manille ni 2, na ikiwa nyekundu, ni 7. Katika mchezo huu karata za namba nyekundu zimepangwa kinyume, 2 iko juu na 7 iko chini, kwa hiyo katika pande zote mbili tunazungumzia karata dhaifu kuliko zote. Ikichaguliwa rangi yake kuwa turufu, ile ya mwisho inaruka hadi nafasi ya pili.

Spadille, Manille, Basto, matador, codille, wote Wahispania. Katika msafara wa namna hiyo, kumtoa ombre peke yake na kusema yeye ni Mfaransa aliyetoka kwenye "kivuli" kunahitaji ushahidi mzito sana, na ushahidi huo haupo.

Njia hii ya kutazama msafara tunaweza kuijaribu nyumbani kwetu. Mtoto wa Kiswahili anajifunza karata kwa majina manne: kopa, uru, pau, shupaza. Anayatumia maisha yake yote bila kujiuliza kwa nini picha ya moyo inaitwa kopa. Yatazame kwa Kireno: "copas" ni vikombe, "ouros" ni dhahabu, "paus" ni fimbo, "espadas" ni panga. Ongeza "cartas" iliyokuwa karata na "trunfo" iliyokuwa turufu, unaona msafara mzima. Wareno walifika pwani yetu 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa 1593, wakaipoteza 1698. Walipoondoka karata zilibaki, na majina yake pia.

Moyo tunauita kikombe kwa sababu majina hayo ni ya karata za zamani za kusini mwa Ulaya, ambazo kweli zilichorwa vikombe, sarafu za dhahabu, fimbo na panga. Michoro tunayoijua leo, ya moyo na jani la mimea, ni ya Wafaransa wa karne ya 15. Picha zikabadilika, majina yakagoma kubadilika. Hata Waingereza yamewakuta: wanatazama jani la pande tatu na kuliita "club", rungu, na wanatazama karata wanayoiita "spade" wakidhani ni beleshi, kumbe ni upanga ule ule wa "espada". (Beleshi la Kiingereza na upanga wa Kihispania ni ndugu wa mbali sana, na huo upanga ulipitia Kigiriki cha kale, lakini jina la karata halikupita kwenye beleshi.)

Ndiyo kusema Spadille ya Pope ni shupaza yetu, na Basto ni pau yetu kwa jina la Kihispania badala ya la Kireno. Undugu huo ni wa karata zenyewe na majina yake. Mchezo wa ombre ni jambo lingine.

Uingereza mchezo huo ulishika baada ya 1660, ufalme uliporudi, na kwa desturi sifa ya kuutia fasheni anapewa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na mfalme wa Uingereza, Charles II, mwaka 1662. Ni binti huyohuyo ambaye mahari yake ilikuwa pamoja na Bombay, mji ambao majahazi ya pwani yetu yaliujua vizuri. Ikulu walipoupenda, wakubwa wote waliupenda. Kwa nusu karne hivi mtu asiyejua ombre hakuwa na la kufanya jioni kwenye nyumba za heshima za London.

Na hapo ndipo Pope anapoingia. Chanzo cha shairi ni ugomvi wa kweli: kijana wa kikabaila, Lord Petre, alimkata nywele Arabella Fermor bila ruhusa, na familia zao mbili zikakasirikiana. Toleo la kwanza, la 1712, lilikuwa fupi na halikuwa na karata. Mwaka 1714 Pope aliliandika upya kwa sehemu tano, na katika sehemu ya tatu akaweka mchezo mzima wa ombre, karata moja baada ya nyingine. Binti wa shairi, Belinda, anakaa mezani na wanaume wawili. Ni nani anayejitosa?

Ni Belinda. Anatangaza shupaza kuwa turufu na kucheza peke yake dhidi ya wote wawili. Kwa lugha ya meza, Belinda ndiye "hombre". Msichana ambaye jina lake litavuma kwa sababu ya nywele zake, na ambaye dakika chache baadaye mwanamume atamnyemelea kwa mkasi, kwa raundi hiyo moja ndiye mwanamume wa meza. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa sehemu hiyo. Aliyepokea tafsiri ya "kivuli" amepoteza yote haya.

Fuata mchezo unavyokwenda. Belinda anaanza kwa kishindo: Spadille, Manille, Basto, kisha mfalme wa shupaza. Mara nne mfululizo anakula. Anatoa mfalme wa pau, na hapo Baroni, yule atakayekuja kukata nywele, anamkata kwa malkia wa shupaza. Upepo umegeuka. Baroni anashusha uru, mfalme, malkia na jeki, na kwa jeki huyo anamla malkia wa kopa wa Belinda. Wamefungana nne kwa nne, imebaki karata moja moja mkononi. Pope anasema binti alipauka, maana Baroni akichukua hiyo ya mwisho, ni codille.

Baroni anatupa ree ya kopa. Mwanafunzi wa leo, aliyezoea kwamba ree ni kubwa kuliko mfalme, anadhani Belinda kwisha. Lakini karata aliyobaki nayo ni mfalme wa kopa, na katika ombre ree nyekundu isiyo turufu iko chini ya mfalme, malkia na jeki. Mfalme anaiangukia ree, Belinda ameshinda. Msomaji wa 1714 aliyejua mchezo alipumua hapo. Asiyejua husoma maelezo ya chini ya ukurasa, na maelezo ya chini hayampi mtu mapigo ya moyo.

Baada ya hapo wanakunywa kahawa, na mkasi unafanya kazi yake. Mwanamume aliyeshindwa mezani na msichana aliyekuwa "hombre" ndiye anayemkata nywele. Katika insha yako ningependa uiandike hoja hiyo, kwa sababu inasimama juu ya etimolojia na juu ya mpangilio wa shairi kwa pamoja.

Mchezo wenyewe haukudumu Uingereza. Ulikuja wa watu wanne ulioitwa "quadrille", kisha "whist" ikaufunika wote, na neno ombre likabaki vitabuni. Nje ya Uingereza haukufa. Wadenmark bado wanaucheza kwa jina la "l'hombre", na Uhispania una mtoto wake aitwaye "tresillo". Kiingereza nacho kilikuja kulikopa neno hilo mara ya pili. Katika karne ya 19, Wamarekani walioishi jirani na Wamexico walilichukua "hombre" likiwa na h yake na maana yake ya kawaida, mwanamume, na ndilo lile unalolisikia kwenye filamu za wachunga ng'ombe. Kwa hiyo Kiingereza kina neno hili moja la Kihispania katika sura mbili, na pembeni yake kina "ombre" ya kivuli isiyo na undugu nalo.

Kwenye kamusi ya Kiingereza, kabla hujasoma maana, tazama mstari wa asili. Ukiona Kilatini "umbra", hiyo ni ya rasta na vitambaa. Ukiona Kihispania "hombre", hiyo ni ya meza. Pope alikuwa na moja tu. Na kabla hujaandika insha, tafuta pakiti ya karata na wenzako wawili, toeni 8, 9 na 10, mgawane tisa tisa, kisha mmoja wenu ajitose. Mkimaliza raundi tatu, rudieni kuisoma sehemu ile ya tatu kwa sauti, karata zikiwa mezani.